Tone, Ukingo na Wakati: Jinsi Picha za Hadubini Zinavyotumiwa Kupima Umiminikaji wa Kondensati za Seli

0. Swali lenyewe

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, liko mbali na masomo ya lugha: jinsi wataalamu wanavyochanganua picha za hadubini ili kupima sifa za kimekanika za matone madogo yaliyomo ndani ya seli hai. Hata hivyo jambo hilo linamgusa msomaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, ubishi uliozuka katika uwanja huo ni, kwa sehemu kubwa, ubishi juu ya neno: je, matone hayo yanastahili kuitwa « kimiminiko »? Pili, mbinu iliyo bora katika kazi hiyo ni ile ile ambayo wanafonetiki huitumia kuchambua irabu, ingawa hapa kinachochambuliwa si sauti bali ukingo wa tone.

Vitabu vya biolojia vilizoea kuieleza seli kama nyumba yenye vyumba, kila chumba kikiwa na ukuta wake, yaani utando. Kiini cha seli kina utando. Mitokondria nazo zina utando. Lakini tangu karne ya 19 wachunguzi walijua kwamba vimo pia vyumba visivyo na ukuta. Mfano ulio wazi ni nukleoli, doa linaloonekana ndani ya kiini, ambamo huanza kuundwa ribosomu, yaani viwanda vya protini vya seli. Nukleoli haina utando wowote, na bado haitawanyiki. Ni nini basi kinachoishikilia?

Jibu lililopata nguvu mwaka 2009 ni rahisi kulielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa jikoni. Mafuta ya mawese yakimwagwa kidogo kidogo juu ya maji ya moto hayachanganyiki nayo. Hujikusanya kuwa matone ya mviringo, na matone mawili yakigusana huungana kuwa moja kubwa zaidi. Hakuna utando unaoyashikilia. Molekuli za mafuta hukaa pamoja kwa urahisi kuliko zinavyokaa kati ya maji, na hilo linatosha. Mwaka huo Clifford Brangwynne, Frank Jülicher, Anthony Hyman na wenzao walieleza katika jarida la Science kwamba « chembe P » za mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans zina tabia hiyo hiyo. Chembe hizo, ambazo zimefanywa kwa protini na RNA, zilionekana zikiungana, zikidondoka, na zikitiririka juu ya kiini cha seli zilipokokotwa kwa nguvu. Tangu hapo vitu vya namna hiyo vimetambuliwa kwa wingi, na jina lililoenea kimataifa ni kondensati za kibiomolekuli. Hapa zitaitwa kondensati, au matone tu pale ambapo hakuna hatari ya kuchanganya.

Jambo hili lingebaki udadisi wa maabara kama lisingehusu ugonjwa. Protini iitwayo FUS hujikusanya kuwa matone. Wako watu wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya protini hiyo, nao huweza kupatwa na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua mpaka kupumua kunakuwa shida. Mwaka 2015 Avinash Patel na wenzake, katika maabara ya Hyman mjini Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba matone ya FUS yaliyotengenezwa nje ya seli huanza yakiwa majimaji, lakini baada ya saa kadhaa hugeuka kuwa magumu na kuota nyuzinyuzi. Na kwamba FUS yenye kasoro iliyowahi kuonekana kwa mgonjwa hugeuka upesi zaidi. Mawese nayo huganda mjini Lubumbashi katika asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, lakini yakipashwa moto hurudi kuwa mafuta. Matone yaliyokwisha kuota nyuzi hayarudi kirahisi hivyo. Kwa hiyo swali « tone hili ni laini kiasi gani, na linaganda kwa kasi gani? » si la mapambo. Anayetafuta njia ya kuchelewesha ugandaji anahitaji kipimo. Na kwa kuwa tone lenye upana wa mikromita moja au mbili ndani ya seli hai haliguswi kwa kidole, kipimo hicho hutafutwa katika picha.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Picha huonyesha umbo, mwangaza na, zikipangwa mfululizo, mwendo. Haionyeshi nguvu. Kila nambari ya kimekanika inayosemekana imetoka katika picha imepitia kwanza dhana fulani juu ya tone lenyewe, na dhana hiyo ikiwa na kosa nambari huwa na kosa pia, hata kama picha ni safi.

1. Maneno na mitego yake

Sifa inayotajwa zaidi ni mnato. Neno limetokana na kitenzi kunata, na mtego uko hapo: mwenye lugha husikia habari ya kitu kinachong'ang'ania mkononi, kama ulimbo. Mwanafizikia hazungumzii kung'ang'ania. Anazungumzia ukinzani wa kitu dhidi ya kutiririka. Mpishi anayesema kwamba uji ni mzito au mwepesi yu karibu zaidi na maana hiyo, isipokuwa kwamba uzito nao umekwisha kuchukuliwa na mizani. Hakuna haja ya kulitupa neno mnato, kwani limezoeleka; inatosha msomaji akumbuke uji, asikumbuke ulimbo. Kipimo chake ni paskali-sekunde. Maji yana 0,001 hivi. Asali, kutegemea aina yake na joto, huwa na chache hadi kumi na zaidi kidogo.

Sifa ya pili, mvutano wa uso, ni ile nguvu inayolifanya tone lijikunyate na kupunguza eneo la uso wake, hata likawa mviringo. Mvutano wa uso wa maji ni nyutoni 0,072 kwa mita, nao unatosha kumbeba mdudu atembeaye juu ya dimbwi. Unyumbufu, kwa upande wake, ni uwezo wa kitu kurudia umbo lake baada ya kubonyezwa, kama mpira unavyofanya.

Majina ya hali za maada yanadai uangalifu zaidi. Kimiminiko ni jina zuri, kwa sababu limejengwa juu ya kitenzi kumimina, na kila tendo huhitaji muda. Lami ngumu hupasuka ikipigwa nyundo. Lakini lami iliyowekwa katika faneli kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, katika jaribio lililoanzishwa na Thomas Parnell mwaka 1927, ilikuwa imedondosha matone tisa tu kufikia mwaka 2014. Je, lami ni kimiminiko? Kwa nyundo, la. Kwa miaka, ndiyo. James Clerk Maxwell aliliweka jambo hilo katika hesabu mwaka 1867: kuna vitu ambavyo hurudisha umbo vikisukumwa kwa muda mfupi, na hutiririka vikisukumwa kwa muda mrefu, na mpaka kati ya hali hizo mbili hupatikana kwa kugawanya mnato kwa unyumbufu. Anayesema kwamba kondensati ni kimiminiko bila kutaja muda amesema nusu ya sentensi.

Neno yabisi ndilo lisilofaa kabisa hapa. Asili yake ya Kiarabu ni ukavu, na maana hiyo haijafa: udongo yabisi ni udongo mkavu. Tone la FUS lililokuwa gumu halijakauka; bado limejaa maji. Kilichobadilika ni jinsi molekuli zake zinavyoshikana. Kitenzi kuganda, kinachotumika kwa mawese, kwa damu na kwa maziwa, hueleza hali hiyo bila kudanganya, na ndicho kinachotumiwa katika makala haya.

2. Matone mawili yanapoungana

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kusubiri matone mawili yagusane. Mara tu yanapogusana hufanya umbo la nambari nane, kisha la yai, kisha la duara. Programu ya kompyuta hutafuta ukingo wa umbo hilo katika kila picha ya mfululizo, na kugawanya urefu wake kwa upana wake. Uwiano huo huanza karibu na 2, ukashuka taratibu mpaka 1. Muda wa kushuka unaandikwa. Kisha kazi inarudiwa kwa matone ya ukubwa mbalimbali, maana makubwa huchelewa zaidi. Muda ukichorwa dhidi ya ukubwa hupatikana mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ndio jibu.

Lakini ni jibu la swali gani? Mvutano wa uso huyasukuma matone yawe moja, mnato huyachelewesha. Kinachoonekana ni matokeo ya mashindano yao, na mteremko hutoa mnato uliogawanywa kwa mvutano, basi. Tone lenye mnato mkubwa na mvutano mkubwa huungana kwa kasi ile ile ya tone lenye mnato mdogo na mvutano mdogo, na picha zao hazitofautiani hata kidogo. Ni kama kuambiwa kwamba bei ya kilo moja ya unga ni sawa na nusu ya mshahara wa siku: uwiano unajulikana, lakini bei haijulikani wala mshahara.

Mwaka 2011 Brangwynne, Timothy Mitchison na Hyman walitumia njia hii kwa nukleoli za mayai machanga ya chura Xenopus laevis, ambazo ni kubwa na huonekana vizuri. Walikuta kwamba kila mikromita inayoongezeka katika ukubwa huongeza muda wa kuungana kwa makumi ya sekunde. Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa maji hutoa nanosekunde 14 hivi. Ili kuutenga mnato, ilibidi watumie kadirio la mvutano wa uso, na hapo mnato ukawa wa kiasi cha paskali-sekunde elfu moja, yaani mara milioni ya ule wa maji.

Mnato huo, hata hivyo, ni wa nini? Tone linapobadilisha umbo, halijisukumi lenyewe tu; linasukuma pia kile kinacholizunguka. Mwaka 2018 Caragine, Haley na Zidovska, katika Chuo Kikuu cha New York, walichunguza nukleoli za seli za binadamu. Badala ya kuangalia umbo zima, walipima shingo inayounganisha nukleoli mbili zinazoungana, na kukuta kwamba unene wake hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda, si kwa kadiri ya muda wenyewe. Ukuaji wa namna hiyo waliusoma kuwa ni wa matone yenye mvutano mdogo sana, wa kiasi cha mikronyutoni moja kwa mita, yanayoungana ndani ya kitu kizito kinachoyazunguka. Mnato wa paskali-sekunde elfu moja ukatokea tena. Lakini safari hii ulikuwa wa nje ya nukleoli. Viumbe ni tofauti, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba matokeo ya mwaka 2011 yamekanushwa. Kinachodhihirika ni kwamba filamu ya matone yanayoungana haisemi yenyewe kama ukinzani unatoka ndani au nje. Anayeichanganua ndiye anayechagua, na akichagua bila kusema amemficha msomaji jambo.

3. Kigololi ndani ya tone

Ili kuupata mnato peke yake, vigololi vya plastiki vyenye upana wa mikromita moja au chini ya hapo hutiwa ndani ya tone, na mwendo wao hufuatwa picha kwa picha. Vigololi hutikiswa na joto, na hatua zao hazina mwelekeo. Albert Einstein alieleza mwaka 1905 jinsi umbali huo unavyotegemea joto, ukubwa wa kigololi na mnato. Jean Perrin alithibitisha hesabu hiyo kwa hadubini miaka michache baadaye, na alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1926. Hapa mvutano wa uso hauingii kabisa, mradi kigololi kikae mbali na ukingo.

Shana Elbaum-Garfinkle na wenzake walifanya hivyo mwaka 2015 kwa matone ya LAF-1, protini mojawapo ya chembe P, na kupata paskali-sekunde 34 hivi; RNA ilipoongezwa, mnato ulipungua. Nambari 34 inaonekana ndogo mpaka itafsiriwe kuwa mwendo. Kigololi cha mikromita moja ndani ya maji husogea zaidi ya mikromita moja kwa sekunde. Ndani ya tone la LAF-1 hakifikishi nusu mikromita kwa saa nzima. Katika saa hiyo meza ya hadubini hupanuka kwa joto la chumba, na mtu hupita akifunga mlango. Sehemu kubwa ya kazi ya programu, basi, si kumfuata kigololi, bali ni kuondoa mwendo usio wake. Hilo hufanywa kwa kulinganisha vigololi viwili vilivyomo katika tone moja: kinachovisogeza vyote viwili upande mmoja ni meza, kinachovitenganisha ni tone.

Vigololi ndivyo vilivyosaidia pia kuueleza uzee wa matone. Louise Jawerth na wenzake, mwaka 2020, walifuatilia matone ya protini kadhaa, FUS ikiwemo, yakiwa nje ya seli, wakitumia pia miale ya leza kuvishika vigololi. Mnato uliongezeka sana kadiri matone yalivyokaa, lakini unyumbufu haukubadilika sana. Matone hayo hayakuwa yamevuka mstari mmoja kutoka umajimaji hadi ugumu. Yalikuwa yakihitaji muda mrefu zaidi na zaidi ili kutiririka, kama Maxwell alivyoeleza, mpaka hakuna mchunguzi mwenye subira ya kutosha.

Kasoro ya njia hii ni wazi: ni vigumu kutia kigololi ndani ya kondensati ya seli hai bila kuiharibu. Kwa sababu hiyo wengi walikimbilia njia nyingine, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, ya kuunguza kwa leza mng'ao wa sehemu ya tone na kungoja mng'ao urudi. Ilitumiwa kupita kiasi. Kurudi kwa mng'ao huonyesha kwamba molekuli zinabadilishana mahali. Hakuonyeshi moja kwa moja kwamba tone linatiririka, kwa maana molekuli zinazojibandika na kubanduka juu ya kitu kisichotiririka kabisa nazo huurudisha mng'ao. David McSwiggen na wenzake walilieleza hilo kwa ukali mwaka 2019, na ukali wao ulihitajika.

4. Ukingo unaotetemeka

Mwanafonetiki akitaka kuijua irabu, huligawa wimbi la sauti yake katika mawimbi sahili: la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea, kila moja likiwa na nguvu yake. Msingi wa ugawaji huo ulitolewa na Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822, ambacho hakikuhusu sauti bali joto. Ugawaji huo huo unaweza kutumiwa kwa ukingo wa tone.

Tone ndani ya seli si duara kamili. Joto hulitikisa, na ukingo wake hupanda na kushuka bila kukoma. Programu huanzia katikati ya tone na kupiga mistari kuelekea nje katika pembe nyingi. Kwenye kila mstari, mwangaza ni mwingi ndani na ni mdogo nje. Mahali unaposhuka kwa ghafla zaidi ndipo ukingo ulipo. Umbali kutoka katikati hadi ukingo, ukiandikwa kwa kila pembe, hufanya mstari wenye mabonde na vilima, na mstari huo ndio unaogawanywa. Wimbi la kwanza huachwa, kwa kuwa ni kuhama kwa tone zima. Wimbi la pili hulifanya tone kuwa yai. La tatu hulipa pembe tatu butu. La nne, pembe nne. Na kadhalika mpaka mawimbi mafupi yasiyoonekana kwa jicho. Kazi hiyo hurudiwa kwa mamia ya picha za tone lile lile, ili upatikane wastani wa kimo cha kila wimbi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba nguvu inayotikisa inajulikana. Kwa kawaida ya joto, kila wimbi hupata wastani ule ule wa nishati, na kipimo chake katika nyuzi 25 ni takriban joule 4,1 × 10⁻²¹. Nishati ikiwa inajulikana, na kimo cha wimbi kikiwa kimepimwa, mvutano wa uso hupatikana wenyewe, si kama sehemu ya uwiano. Hakuna kigololi kinachohitajika, wala hakuna haja ya kungoja matone yakutane.

Njia ingeshindwa kabisa kwa matone ya maji. Kwa mvutano wa nyutoni 0,072 kwa mita, joto huyumbisha ukingo kwa chini ya nusu nanomita. Kwa mvutano wa mikronyutoni moja kwa mita, ukingo huyumba kwa nanomita 60 na kitu. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba hadubini ya mwanga haitenganishi vitu viwili vilivyokaribiana kupita kiasi, na kiasi hicho ni kama nanomita 200. Lakini kutenganisha vitu viwili ni jambo moja, na kutafuta mahali ukingo mmoja ulipo ni jambo jingine. Doa la wino lililoenea lina kitovu kinachoweza kupatikana kwa usahihi kuliko upana wake. Nanomita 60, basi, zinapimika, ingawa kwa shida. Mvutano ukifika mikronyutoni 100, ukingo huyumba kwa nanomita 6 tu, na hapo njia inafika mwisho. Inafaa tu kwa sababu kondensati nyingi za seli zimefanywa kwa molekuli ndefu zilizoshikana kwa ulegevu, na kwa hiyo zina uso dhaifu.

Mwaka 2023 Jack Law, Halim Kusumaatmaja na wenzao walichapisha, katika Science Advances, matokeo ya njia hii kwa « chembe za dhiki », ambazo seli huzikusanya inapopatwa na shida kama sumu ya arseniki. Kama tone lingekuwa na mvutano wa uso tu, mraba wa kimo cha mawimbi ungepungua kwa utaratibu fulani kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi. Walikuta kwamba mawimbi mafupi yanapungua upesi kuliko inavyotabiriwa. Ili hesabu ikubali, ilibidi waongeze sifa nyingine, ukinzani dhidi ya kupindwa, ambao hugusa mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Ukinzani wa namna hiyo ulikuwa ukijulikana kwa utando. Uso wa kimiminiko cha kawaida hauhitaji. Ikiwa ni hivyo, uso wa chembe hizo una mpangilio wake, kana kwamba chumba kisicho na ukuta kina ngozi laini.

Ni matokeo mazito, na yanastahili kusomwa polepole. Mawimbi mafupi ndiyo yenye kimo kidogo, na ndiyo yanayokaribiana na makosa ya kamera. Lakini makosa ya kamera peke yake huongeza kimo cha mawimbi mafupi, hayapunguzi. Anayetaka kuuondoa ukinzani huo lazima atafute kosa linalolainisha ukingo.

5. Tone lililouawa

Kosa kama hilo lipo. Kamera hufungua jicho kwa muda, na katika muda huo ukingo unaendelea kutetemeka; picha inayopatikana ni wastani, na wastani hulainisha. Tone la nusukipenyo cha mikromita moja, lenye mnato wa paskali-sekunde moja na mvutano wa mikronyutoni moja kwa mita, huhitaji sekunde moja hivi ili wimbi lake kubwa lizimike. Jicho la kamera likifunguliwa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, hakuna hasara. Mnato ukiwa mdogo mara kumi, au wimbi likiwa fupi, sehemu hiyo hiyo ya ishirini hufuta sehemu ya mtetemo, na tone huonekana gumu kuliko lilivyo. Aidha hadubini nyingi hukusanya mwanga wa juu na wa chini ya kitovu cha tone, na kuutia wote katika ukingo mmoja. Huo nao ni ulainishaji.

Upande wa pili kuna kosa linaloongeza mtetemo. Seli hai si maji yaliyotulia. Ina mashine za molekuli zinazosukuma na kuvuta, zikitumia nishati ya ATP. Zikilitikisa tone pamoja na joto, mchunguzi anayehesabu joto peke yake atauona mvutano kuwa mdogo kuliko ulivyo. Njia ya kujihakikishia ingekuwa kuinyima seli ATP na kupima tena. Lakini kazi ya mwaka 2011 juu ya nukleoli za chura ilionyesha kwamba nukleoli zilizonyimwa ATP huwa nzito zaidi. Kipimo kinabadilisha kile kinachopimwa.

Makosa ya kamera, kwa bahati nzuri, yana dawa nyepesi, inayoweza kutekelezwa na mwanafunzi yeyote mwenye picha na kompyuta, kwani programu za kuchanganulia, kama ImageJ iliyoanzishwa na Wayne Rasband huko Marekani, hazilipiwi. Seli za aina ile ile huuawa kwa formaldehidi, ambayo hufunga molekuli zao mahali zilipo. Matone yake hupigwa picha kwa kamera ile ile, kwa mwanga ule ule na kwa muda ule ule, na ukingo wake hutafutwa kwa programu ile ile bila kubadilisha kizingiti cha mwangaza. Matone hayo hayatetemeki. Mtetemo wowote ambao programu itaukuta ndani yake ni wa kamera na wa hesabu, nao hutolewa, wimbi kwa wimbi, katika ule wa matone yaliyo hai, kabla ya nambari yoyote kuandikwa.